Kielelezo B: Mama Mzazi, Mmoja

Jumatatu, 6 Aprili

Kivuko kimekwenda na maji. Saa tisa alasiri, nikishuhudia mwenyewe – mbao, vyuma vya kushikia, hata kile kibao cha kukataza pikipiki. Kati ya mtaa wetu na nyumba tisa za ng'ambo sasa hakuna kitu ila korongo, upana wa hatua kumi na moja. Mama yangu mzazi yuko ng'ambo. Nyuma ya nyumba yake ni ukuta wa karakana ya reli, usio na lango. Njia ilikuwa hiyo moja.

Ningelivumilia jambo hili kama si tarehe. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili. Amengoja zamu ya upasuaji miezi kumi na minne, na zamu hiyo ni Ijumaa ya tarehe 24, saa nne kamili asubuhi. Karani wa hospitali alikwisha kutueleza: asiyefika anarudi mkiani mwa foleni.

Mvua ikipumzika, wenye macho huvuka kwa kurukia mawe. Mama hatofautishi jiwe na kivuli chake. Nimeshuka ukingo ili nipime uwezekano wa kumsaidia. Hatua mbili nimeteremka wima, sehemu iliyobaki kwa makalio, na goti moja limeumia. Mama, aliyesikia kishindo tu, ameuliza kutoka ng'ambo ni mzigo wa nani umeanguka.

Kesho naanza barua.

Jumatano, 8 Aprili

Barua imetimia kurasa tatu. Sikusoma sana, lakini kamusi yangu imechakaa kwa haki. Nimeifungua kwa "Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, mimi mwombaji mtajwa hapo chini," na aya ya pili nimeitenga kwa ajili ya macho ya mama peke yake. Stoo ya rangi ninakofanya kazi nimeomba ruhusa ya nusu siku, nikaipeleka kwa mkono.

Afisa wa vivuko – watu humwita Bwana Bado, na sasa najua sababu – hakuisoma. Ameigeuza nyuma, akatafuta.

"Picha iko wapi, mzee?"

Nikamjibu kwamba maelezo yamejitosheleza.

"Maelezo hata mimi ninayo."

Kanuni ni tatu. Picha ipigwe wakati wa tukio, yaani mvua ikinyesha. Kingo zote mbili zionekane. Mwathirika atambulike kwa sura. Nikauliza, kwa adabu, kwa nini picha ya jua isikubalike, maana kivuko hakipo hata jua likiwaka. Akasema jua likiwaka mtu hajaathirika, amepungukiwa tu.

Nimeinakili. Sentensi ile ilikuwa imekaa vizuri.

Alhamisi, 9 Aprili

Nimejaribu kwa simu. Mvua ilipoanza nimesimama ukingoni, nikamwita mama atoke. Matone yakaanza kubonyeza kioo yenyewe. Simu ikafungua kikokotoo, ikafunga, ikampigia muuza nyama. Muuza nyama amesikiliza dakika nne nikipaza sauti "Geuza uso, simama vizuri, usicheke." Jioni amenisalimia kwa mbali.

Simu haijawaka tangu hapo. Mke wangu ameizika ndani ya mchele.

Jumamosi, 11 Aprili

Shemeji, kaka wa mke wangu, ni mpiga picha wa harusi. Amekubali kuniazima kamera pamoja na lenzi ya kuvuta, ile ambayo mtu akizungusha pete yake, kitu cha mbali kinakuja puani. Inaanzia ishirini na nne na kuishia mia mbili. Nimeuliza mia mbili ya nini. Amesema, shem, wewe zungusha tu.

Sifa yake kubwa ni kustahimili mvua na vumbi. Ina mipira midogo kila kiungo, na mmoja shingoni inapoungana na kamera. Shemeji anasema imekula mvua ya harusi thelathini bila kukohoa. Lakini masharti yake ni mengi kuliko ya ofisi. Nayanakili:

Kustahimili si kuogelea. Kioo cha kinga cha mbele kisitolewe, maana bila hicho maji yana mlango. Lenzi isibadilishwe mvuani, hata kwa dharura, hata bibi harusi akiomba. Ikishanyooshwa, ifutwe kwanza kabla ya kurudishwa ndani, la sivyo inajivuta pamoja na maji yake. Na jambo la mwisho, alilolisema akitazama pembeni: lenzi ndiyo inayostahimili. Kamera haistahimili.

Nimemuuliza sasa faida iko wapi. Amesema ni kama kuvaa viatu vya mvua na shati la harusi.

Mke wangu, ambaye ni msusi, ametoa kofia ya plastiki ya saluni, ile ya kufunika nywele zenye dawa. Kamera imeingia barabara. Ina maua ya waridi.

Jumatatu, 13 Aprili

Mvua kubwa saa kumi. Nimekuwa tayari tangu saa sita.

Nimesimama mwanzo wa kichochoro chetu, hatua sitini kabla ya korongo, kwa sababu pale pana kibaraza. Nimempanga mke wangu ukingoni akiwa na mwavuli, awe alama ya upande wa huku. Mama upande wa kule, mlangoni pake. Nikazungusha pete hadi mia mbili.

Sikutegemea nilichokiona. Wiki nzima nilikuwa nikimwona mama kama kitu cha mbali kinachojibu. Sasa alikuwa mbele yangu, hata mishono ya sweta naihesabu. Matone yanateleza juu ya kioo, lenzi haina habari. Nikamwita na kumpungia mkono, naye akapunga, akatabasamu vizuri sana. Tabasamu lile lilikwenda kwa nguzo ya umeme. Aliigeukia, akaitikia kwa kichwa, akanyoosha kitambaa chake cha kichwani ili atoke vizuri mbele yake.

Nimepiga picha saba. Sikumwambia mama kuhusu nguzo.

Jumanne, 14 Aprili

Imekataliwa.

Bwana Bado ameitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Halafu akaniita nizunguke meza. Kichochoro, mke wangu, mama – wote wamebanana kama wako kwenye benchi moja. Korongo limelala chini, halionekani. Nakiri kwamba mwavuli wa mke wangu umemfunika mama begani.

"Huyu ndiye mwathirika?"

"Ndiye, mheshimiwa."

"Mbona amefunikwa mwavuli na mkeo?"

Nikaeleza kwamba kati yao kuna hatua kumi na moja, na kwamba ni lenzi iliyowasogeza. Akasema picha haina sababu ya kusema uongo, hailipwi. Akauliza kwa upole kama kuna ugomvi wa nyumbani. Maana kwa anavyoona, mkwe akinyoosha mkono, mama mkwe anavuka. Labda mkwe hataki.

Mke wangu nimemweleza jioni. Alikausha vyombo vyote kwanza. Kisha akasema: "Miaka kumi na tisa namwogesha mama yako, leo lenzi inasema sitaki."

Jumatano, 15 Aprili

Nimeamua kupiga kwa ishirini na nne, upana wote uonekane. Kosa langu: asubuhi niliiweka kamera saluni kwa mke wangu, karibu na zile mashine za kukaushia nywele, nikidhani joto ni usalama. Nilipotoka nayo kwenye baridi ya mvua, ikiwa imejaa mvuke wa saluni, kioo kikaingia ukungu mzito. Nimesimama robo saa kibarazani nikiingoja lenzi itulie. Mama kutoka ng'ambo akauliza kuna nini. Nikamjibu kwamba lenzi ina ukungu. "Karibu nyumbani," akasema.

Ukungu ulipoisha, nikasogea ukingoni, nikapiga. Korongo lote. Maji ya rangi ya kahawa, vyuma vilivyopinda, kingo mbili. Upana wa kuogopesha. Nimeridhika.

Alhamisi, 16 Aprili

Imekataliwa.

Bwana Bado ametoa kioo cha kukuzia. Amekipitisha ukingo wa ng'ambo kama mtu anayetafuta chawa. Akauliza ile ni mama au ni ndoo. Nikasema ndoo ni ile ya buluu. Akasema zote ni za buluu.

Mama siku hiyo alivaa sweta ya buluu.

Nikapendekeza azipokee picha zote mbili. Ya upana iwe Kielelezo A, ya sura iwe Kielelezo B, nami niandike tamko kwamba mama wa A ndiye yule yule wa B. Wazo hili limempendeza. Karani wa masjala ameandika mbele yangu, kwenye orodha ya jalada: "A – korongo, moja. B – mama mzazi, mmoja." Nilitaka kumrekebisha aandike picha ya mama mzazi. Lakini muhuri ulikuwa umeshateremka, na mwandiko wake ulikuwa mzuri.

Ijumaa, 17 Aprili

Ombi limepita.

Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyoandikwa. Kielelezo A kinaonyesha hatua kumi na moja. Kielelezo B kinaonyesha hatua sifuri. Vielelezo vikipingana, kanuni ni kuchukua wastani. Kivuko kimeidhinishwa chenye urefu wa hatua tano na nusu. Ujenzi kuanza Jumanne.

Nimekwenda ukingoni kumpasha mama habari. Ameuliza kwa sauti ya kupasua mvua: "Hiyo nusu inaanzia kwako au kwangu?"

Nikisema lolote, ni rufaa, na rufaa huanza upya. Nisiposema, nitajengewa njia ya kufikia katikati ya maji. Zimebaki siku saba.

Jumatatu, 20 Aprili

Nimekata rufaa. Kurasa nne. Neno "wastani" nimelishughulikia kikamilifu katika aya ya tatu.

Bwana Bado hakukasirika. Alisema, kwa siri kidogo, kwamba moyoni mwake yeye anaamini B. A imepigwa kwa kutia chumvi. Lakini ili niridhike, kesho atakuja kupima mwenyewe. Nikamwonya kuhusu udongo. Akasema hatua moja hainyimi mtu usingizi.

Jumanne, 21 Aprili

Amekuja saa tano asubuhi. Jua dogo, maji yamepungua hadi magotini. Viatu vya kung'aa, jalada langu kwapani, futi kamba ya mita tatu. Akasimama ukingoni. Akaitazama picha, akamtazama mama, akaitazama picha tena. Kisha akainua mguu ili avuke.

Mke wangu alimdaka kwa mkanda wa suruali.

Amekaa chini kwa muda.  Nadhani ni mara ya kwanza B kumwangusha. Halafu akasimama, akasema kipimo ni kipimo, futi kamba haitoshi upande mmoja, lazima mtu ashike ng'ambo. Hakutaka mtu mwingine apime kwa niaba ya serikali. Ameshuka, akaruka mawe na jalada kichwani, akapanda upande wa pili akiwa na tope hadi kwenye tai. Mama akamshika mkono akidhani ni mimi.

"Umekonda," akamwambia.

Mvua imeanza kabla hajatoa kalamu. Dakika kumi, mawe yote yamezama. Bwana Bado amebaki ng'ambo ameshika futi kamba, mimi huku sina ncha ya pili.

Mama amenipigia kelele: siku nyingine nikimtumia mgeni nitoe taarifa.

Jumatano, 22 Aprili

Mvua haijakatika. Nimekwenda ofisini kuripoti. Msaidizi wake amesikitika sana. Kivuko cha dharura huidhinishwa na Bwana Bado peke yake, kwa muhuri wake. Muhuri uko wapi? Mfukoni mwake.

Nimerudi ukingoni na lenzi. Nimevuta hadi mia moja nione hali. Wamekaa mlangoni, mama amempa sweta yake ya kijani. Anamenya viazi. Anamenya vibaya, mama anapapasa kila kimoja na kumrudishia. Katikati ya viazi na viazi, anasoma. Nikazungusha pete hadi mwisho wake. Ilikuwa barua yangu ya kwanza. Nadhani jaladani hamkuwa na kitu kingine ambacho hakuwa amekisoma. Alimsomea mama kwa sauti, ukurasa hadi ukurasa, mvua ikinyesha juu ya bati.

Alipomaliza alisimama akanitafuta ng'ambo.

"Mzee, aya ya pili nimeielewa."

Na mama, akiigeukia nguzo ya umeme: "Mwanangu, kumbe macho yangu yana aya nzima, na hukuniambia."

Sijawahi kupokea jibu la barua linalofanana na hilo. Nimefuta lenzi kabla ya kuirudisha ndani, kama sharti linavyosema. Nimeifuta mara nyingi kidogo.

Alhamisi, 23 Aprili

Mkurugenzi wa ofisi yao ametambua kwamba kuna mtumishi hayupo kazini. Kwa mama, wiki mbili na nusu hazikutosha. Kwa Bwana Bado, siku mbili zimetosha. Zimamoto wameagizwa kesho saa mbili, na ngazi ndefu pamoja na mbao.

Nimemweleza mama kwamba atavuka kesho, na saa nne atakuwa kitandani hospitali. Bwana Bado akaweka kisu cha viazi chini. Halafu akauliza hati ya zimamoto imeandikwaje. Nikasema sijui. Akasema yeye anajua. Aliitunga mwenyewe.

Ijumaa, 24 Aprili

Saa tatu na dakika kumi na mbili. Naandika kwa penseli, chini ya mwavuli, mvua ikimwagika. Sababu ya kuandika saa hii nitaieleza.

Zimamoto wamefika saa mbili na nusu. Ngazi imelazwa juu ya korongo, mbao kumi na mbili zimefungwa juu yake kwa kamba. Kazi safi. Kiongozi wao ana hati ndani ya plastiki: "Kumvusha mtumishi mmoja pamoja na nyaraka zake." Bwana Bado akaja ukingoni akiwa na sweta ya kijani, jalada ndani ya shati, na mama mkononi.

Kiongozi akapaza sauti: bibi arudi nyuma, hayumo.

Bwana Bado akasema yumo. Akatoa orodha ya jalada, akaikunja ndani ya kiatu chake, akaturushia kiatu. Tumesoma wote. B – mama mzazi, mmoja. Ni waraka wake. Hawezi kuuacha nyuma, ni kosa la nidhamu.

Kiongozi ameisoma mara tatu. Si mtu mbaya. Akakubali kwamba muhuri ni muhuri. Lakini akasema nyaraka hubebwa, hazitembei, tena kwenye mfuko usiopitisha maji. Akaonyesha mfuko. Ni wa mpira, mweusi, una zipu.

Mama akauliza anaonyesha nini. Bwana Bado akamweleza.

Mama akajibu maneno ambayo siyaandiki.

Ubishi umekula dakika ishirini. Shemeji yuko barabarani na gari lake, injini inanguruma, bado lina utepe wa harusi ya jana. Hospitali ni mwendo wa nusu saa. Mwishowe kiongozi akapata njia: kama mwombaji mwenyewe, yaani mimi, ataandika na kusaini kwamba waraka huu hujiendesha, na kwamba zimamoto hawatalaumiwa, basi ataangalia. Ataangalia tu. Baada ya kusoma, ataamua.

Karatasi kavu ilikuwa daftari hili peke yake. Kwa hiyo naandika humu. Kiongozi amesimama mbele yangu, ameshika mwavuli ili penseli isilowe. Ameligeuzia korongo mgongo. Vijana wake wawili wameshikilia ncha ya ngazi na wanatazama kucha zao. Anaona penseli inakwenda, ameridhika. Hasomi, anangoja nimalize ndipo asome.

Ng'ambo, Bwana Bado hakungoja. Amepanda ubao wa kwanza kinyumenyume, mikono yake miwili imeshika mikono miwili ya mama, anamwambia, mguu wa kulia, mama, hapo hapo, sasa wa kushoto.

Mke wangu yuko pembeni yangu na kamera, kofia ya maua juu yake. Ananihesabia kwa mnong'ono. Ubao wa tatu. Mama amesimama. Anavuta pumzi. Ubao wa nne. Mke wangu ananong'ona kwamba wako karibu kabisa, angenyoosha mkono angewagusa. Nimemwambia atoe jicho kwenye lenzi, atazame kwa macho yake. Ametazama. Ubao wa tano, amesema.

Kiongozi ameuliza kama bado ndefu. Nimemjibu kwamba jambo lenye uzito wa kisheria lina utangulizi, kiini na hitimisho, na kwamba tuko kwenye utangulizi. Amesema sawa, mzee, lakini mkono wake unachoka. Nimemshukuru kwa ustahimilivu wake, kwa maneno mengi.

Ubao wa sita. Mvua inapiga upande. Mama amesema kitu, Bwana Bado amecheka, kiongozi amesikia kicheko, anataka kugeuka – nimemuuliza haraka cheo chake huandikwaje kwa kirefu, pamoja na kikosi, pamoja na kituo, na nimemwomba anitajie polepole, nisije nikakosea hata herufi moja, naye ameanza kunitajia, nami naandika, Kwa heshima na unyenyekevu mkubwa, mimi mwombaji mtajwa hapo chini, nikiwa na akili timamu na goti moja zima, ubao wa saba, nathibitisha mbele ya kiongozi huyu mwenye mkono imara kwamba waraka tajwa, ambao ulinizaa, ambao kwa sasa unatafuta ubao wa nane kwa ncha ya kidole cha mguu wa kulia, na